Kusasi Kwale kwa Mbwa Kwenye Milima Mikavu: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yaleyale kila msimu. Mbwa ana nasaba nzuri, nyumbani anatii, uwanjani anaganda vizuri akinusa ndege. Akifikishwa mlimani penye mawe na ukavu, anawarusha kwale mita 60 mbele ya bunduki, na ikifika saa 4 asubuhi amelala chini ya kichaka, hata akiitwa haji. Lawama zote humwendea mbwa na pua yake.

Pua haina kosa. Mbwa hatoki jasho la kutosha kumpoza. Hujipoza kwa kuhema. Na anayehema mdomo wazi hawezi papo hapo kuvuta hewa puani kwa ile mivuto mifupi ya harakaharaka inayomletea harufu. Ndiyo maana katika nchi kavu maji, upepo na miguu ya mbwa huamua siku kabla risasi moja haijalia.

Mwongozo huu ni kwa mbwa wa kusimama, wale wanaoganda wakinusa ndege: Pointer, Setter, Brittany, German Shorthaired Pointer. Mwenye mbwa wa kurusha ndege, kama Springer Spaniel, aufuate pia, ila asimwache avuke mita 25 kutoka alipo, kwa kuwa mbwa huyo hamsubiri mtu.

## Vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Kwanza karatasi: leseni ya bunduki, kibali cha uwindaji, tarehe za msimu, idadi ya ndege inayoruhusiwa kwa siku, na ruhusa ya mwenye ardhi. Uliza pia kama mbwa wanaruhusiwa, kwa sababu si kila mahali panaporuhusu bunduki panaruhusu mbwa.

Vya mbwa

- Maji: nusu lita kwa kila saa ya kazi kwa mbwa wa kilo 20 hadi 25. Joto likizidi nyuzi 20 za Selsiasi, beba lita nzima kwa saa. Hayo ni yake peke yake. Yako yahesabu kando.
- Chupa ya kubinya na bakuli la kukunja.
- Viatu vinne vya mbwa na viwili vya akiba, pamoja na plasta inayonyumbulika.
- Njuga shingoni, au kola ya GPS. Kwenye vichaka vya karibu njuga inatosha. Kwenye mabonde marefu mbwa akisimama njuga inanyamaza, nawe hujui yuko upande gani wa kilima. Hapo kola ni bora.
- Kibano chenye ncha nyembamba, kipimajoto cha kutia njia ya haja kubwa, maji ya chumvi ya kuoshea macho, chachi, bandeji inayojigandisha, mkasi.
- Koleo la kukatia waya. Mitego ya waya huachwa hata pale inapokatazwa, na mbwa aliyenaswa shingoni ana dakika chache tu.
- Kijichupa cha asali.

Vya msasi

- Shotigani nyepesi, geji 20 au 12, kilo 3 au chini. Mtutu wa kwanza uwe na choki (mbano wa mdomo wa mtutu) ya wazi, wa pili choki ya kati.
- Risasi zenye gramu 24 hadi 32 za marisau, punje za milimita 2.4 hadi 2.8. Ukitumia marisau ya chuma, panda namba mbili kwa ukubwa, maana chuma ni chepesi na hupoteza nguvu mapema. Bunduki ya zamani isiyotengenezwa kwa chuma usiilishe chuma.
- Buti zinazoshika kifundo cha mguu, miwani ya kukinga macho, fulana ya rangi ya chungwa kali, filimbi.
- Begi la wavu la kubebea ndege, siyo mfuko wa plastiki.
- Kichupa kidogo laini kilichojaa majivu yaliyochekechwa. Kazi yake iko hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Jenga miguu na pumzi, wiki 6 hadi 8 kabla

Msasi haogopi miiba, lakini mbwa aliyelala kwenye sakafu laini mwaka mzima ana nyayo laini kama za mtoto. Changarawe itazichuna kabla ya mchana.

Anza na dakika 20 hadi 30, siku 3 au 4 kwa wiki, kwenye njia ya changarawe na siyo nyasi. Ongeza polepole hadi mbwa aweze saa 2 mfululizo kwenye miinuko. Fanya mazoezi hayo asubuhi au jioni wakati kuna ubaridi, halafu wiki 2 za mwisho msogeze taratibu kwenye joto atakalofanyia kazi.

Viatu mvalishe nyumbani kwanza, dakika 10 kwa siku, hadi aache kurusha miguu. Wengi huvitoa kwenye boksi siku ya kusasi. Mbwa anatembea kama kaa na ndani ya nusu saa kimoja kimepotea. Plasta ya kushikia izungushwe juu ya kiatu bila kuvutwa: kidole chako kipite kati yake na mguu. Ikikaza, mguu unavimba. Kila baada ya saa moja au mbili vivue, kung'uta mchanga, angalia katikati ya vidole, kisha mvalishe tena.

Katika wiki hizi mpime kwa jambo moja: akiwa mita 100 anakimbia, piga filimbi. Asiyerudi kwa filimbi hayuko tayari kwa mlima wenye nyoka na magenge. Na kama hajazoeshwa mlio wa bunduki kwa mbali na kidogokidogo, usimfundishie hapo. Mbwa mmoja aliyeogopeshwa huharibika kwa miaka.

## Hatua ya 2: Chakula kiliwe jioni

Mlo mkubwa uwe jioni ya kuamkia, angalau saa 12 kabla ya kazi. Tumbo lililojaa likikimbizwa laweza kuvimba gesi na kujizungusha, na hilo huua mbwa kwa saa chache. Asubuhi mpe maji tu, kidogokidogo, mpaka akatae mwenyewe.

Njiani, mbwa mwembamba anayefanya kazi kwa nguvu anaweza kuishiwa sukari: miguu inalegea, macho yanapotea. Mpake asali kwenye ufizi, mpumzishe, umrudishe garini. Kwake siku hiyo imekwisha.

## Hatua ya 3: Usome mlima kabla ya kumwachia mbwa

Fika kabla ya mapambazuko, funga milango ya gari kwa mkono, usiipige. Kisha simama usikilize. Kwale huita alfajiri, na mwito huo ni ramani ya bure: unakuonyesha kundi liko mgongo gani wa kilima.

Alama za kutafuta ardhini: vinyesi vidogo vyenye ncha nyeupe, vishimo vya vumbi vyenye upana wa sahani, ndani mna manyoya, ardhi iliyokwaruliwa chini ya vichaka vya mbegu. Kinyesi kibichi kinapondeka kwa kidole, cha zamani kinavunjika kama chaki. Usipoteze saa 2 kwenye chaki.

Asubuhi na alasiri kwale hula kwenye mteremko ulio wazi kiasi. Mchana wa jua kali hujificha kwenye kivuli cha miamba na vichaka. Katika ukame hawaendi mbali na maji. Mvua ikinyesha hutawanyika, na kijito kilichokuwa na makundi wiki iliyopita unakikuta kitupu. Hapo usiling'ang'anie bonde lile kwa sababu tu lilikulipa zamani.

## Hatua ya 4: Uongozwe na upepo, siyo na njia

Hapa ndipo wengi wanaharibu siku. Wanafuata njia ya miguu kutoka garini kwa kuwa ni rahisi, upepo uko mgongoni, na mbwa anawakuta kwale kwa macho badala ya pua. Ndege wanaruka, mbwa anafukuza, kilima kizima kimeamka.

Hewa ya mlimani ina ratiba yake. Usiku inapoa, inakuwa nzito, inateremka mabondeni. Alfajiri, kabla jua halijaupiga mteremko, bado inateremka: harufu ya kwale walio juu inamfuata mbwa aliye chini. Muda huo tembea theluthi ya chini ya kilima. Jua likishapasha mawe, hewa inageuka na kuanza kupanda. Sasa mbwa awe juu ya ndege. Panda hadi theluthi ya juu na utembee ukifuata usawa mmoja, bila kupanda na kushuka.

Usikisie. Kila dakika 10, na kila unapovuka mgongo wa kilima, binya kile kichupa cha majivu mbele ya uso. Tazama majivu kwa sekunde 5, siyo 1. Mara nyingi yanaanza kwenda kulia, yanasita, halafu yanapinda nyuma. Hiyo ndiyo hewa inayozunguka nyuma ya kilele, na ukiiona umejua kwa nini mbwa wako anasimama akielekea mahali pasipo na ndege.

Mbwa aende mkingamo na upepo, mita 50 hadi 100 kila upande wako, akirudi mbele yako. Ukilazimika kwenda upepo ukiwa mgongoni, mfunge kamba, zunguka mita 300 au 400, uanze upya kutoka upande wa pili. Inachosha, lakini inaokoa kundi.

Nyamaza. Sauti ya mtu anayemkemea mbwa huwatoa kwale mbio kuliko mbwa mwenyewe. Mlio mmoja mfupi wa filimbi unatosha.

*Umefaulu ukiona:* mbwa anabadilisha mwendo ghafla, kichwa juu, anaingia kwenye upepo kwa hatua fupi, wala haendi kichwa chini akifuata nyayo.

## Hatua ya 5: Maji kabla ya kiu

Kila dakika 15 hadi 20 mwite, mpe mililita 100 hadi 150, na mpumzishe kivulini dakika 2 au 3. Usingoje aombe. Mbwa mwenye ari haombi. Anakimbia mpaka anaanguka. Usimpe pia lita nzima kwa mkupuo, maana ataitapika.

Mwagia kidogo kwenye ulimi na puani kabla ya kumwachia tena. Pua yenye unyevu hushika harufu vizuri zaidi, na vumbi linaoshwa.

Mtazame ulimi. Akiwa salama, ulimi ni mwembamba na unarudi ndani kila anapomeza. Joto likipanda unarefuka, unapanuka kwenye ncha na kupinda kama kijiko, na hauingii tena mdomoni. Ukiona kijiko, simama: kivuli, maji, dakika 10 au zaidi hadi urudi. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mkavu unaonata ni dalili ya upungufu wa maji.

Halijoto ya kawaida ya mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Kazini hupanda, kisha hushuka akipumzika. Hatari ni pale anapopepesuka, anatapika, ufizi umekuwa mwekundu sana, au haitiki akiitwa, hasa kipimajoto kikizidi 41. Mpoze hapohapo kabla ya kumbeba: mmwagie maji yote uliyonayo mwili mzima, tumboni na kinenani, mpepee kwa kofia. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, linageuka blanketi. Kikishuka hadi 39.5 acha kumpoza na umkimbize kwa daktari wa mifugo hata akionekana amepona, kwa kuwa figo na ini huonyesha madhara baadaye.

Jiwe nalo lipime: weka mgongo wa mkono juu yake. Usipoweza kuvumilia sekunde 7, mbwa naye hawezi. Rudini mpaka alasiri.

## Hatua ya 6: Mbwa akisimama

Msome kabla ya kusogea. Mkia mgumu, mwili umejikaza, macho yameganda, na mdomo uliokuwa ukihema umefungwa ghafla: kwale wapo, tena karibu. Mkia unaotikisika kidogo, huku akigeuza macho kukutafuta, unasema walikuwepo lakini wamesogea.

Usimwendee kutoka nyuma. Ukipita ubavuni mwake kwa nyuma unamsukuma aingie ndani, na ndege wanaona njia moja tu ya kukimbilia, mbele. Kwale wa milimani hukimbia kupanda na huruka kushuka. Kwa hiyo zunguka nusu duara, mita 15 hadi 20 kutoka kwa mbwa, upande wa juu. Ukiwashukia kutoka juu, mbio zao zimezibwa na imebaki hewa tu.

Tembea kwa mwendo mmoja wa haraka kiasi. Anayesita kila hatua mbili anawapa muda wa kupenya mawe. Macho yawe usawa wa upeo, siyo ardhini ukiwatafuta. Ukiinama kutafuta, wataruka ukiwa umeinama.

Mbwa akianza kunyemelea, ujue ndege wanakimbia. Mwachie asogee polepole, nawe zunguka tena upate kimo. Akiwarukia na kuwarusha mwenyewe, usipige hata kama ndege yuko mahali pazuri. Ndege anayeanguka hapo anamfundisha kwamba kurukia kuna malipo, na somo hilo kulifuta ni kazi ya msimu mzima.

Onyo kwa wasasi wawili: tembeeni usawa mmoja wa kilima, mkionana muda wote. Mmoja akiwa juu na mwingine chini, kwale wataruka kuelekea uso wa aliye chini. Aliye juu hapigi kuteremka mpaka ajue kwa macho mwenzake yuko wapi. Mkipotezana, bunduki zinafunguliwa mitutu na kutolewa risasi.

## Hatua ya 7: Risasi yenyewe

Chagua ndege mmoja. Anayepigia kundi hapati hata mmoja, na anajeruhi watatu.

Wengi hukosa kwa kupiga juu. Ndege anaonekana anakwenda mbele, kumbe anazama kila mita, na marisau yanampita mgongoni. Lenga chini ya miguu yake. Mita 20 hadi 35 ndio umbali wa haki. Mbali zaidi ni kujeruhi.

Ndege aliye chini ya usawa wa kiuno chako asipigwe kamwe mbwa asipoonekana. Na kila unapovuka mawe yanayoteleza, toa risasi, mtutu ukiwa wazi. Kuanguka mlimani si ajali ya nadra, ni suala la lini.

## Hatua ya 8: Kumpata aliyeanguka

Usikimbie. Palipoanguka ndege pachagulie alama mbili zilizopangana, jiwe la karibu na mti wa mbali, kisha weka kofia pale uliposimama. Ukipotea, rudi kwenye kofia utazame mstari ule tena.

Mlete mbwa upande ambao upepo unamjia kutoka kwa ndege, umwachie mita chache kabla ya pale. Ndege aliyevunjika bawa hukimbia kupanda, au anaingia ufa wa mwamba. Mruhusu mbwa apanue duara kuelekea juu. Usitie mkono kwenye ufa usioona ndani. Tumia fimbo, kwa sababu nyoka naye anapenda kivuli kilekile.

Mbwa akiumwa na nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize, mbebe asitembee, nenda kwa daktari wa mifugo mara moja. Kuua nyoka kunapoteza dakika za thamani.

Kwale wa kwanza mpasue gole, ule mfuko wa chakula ulio shingoni, hapohapo. Mbegu utakazozikuta ndani zinakwambia wanakula wapi leo. Ukikuta vijani laini badala ya mbegu kavu, tafuta pembezoni mwa chemchemi na upande wa kivuli wa kilima. Hilo laweza kubadilisha mpango wote wa asubuhi.

## Hatua ya 9: Waliotawanyika

Kundi likivunjika, tazama kila mmoja alikotua. Keti dakika 15 au 20, mbwa anywe. Wataanza kuitana, na aliye peke yake hujibana kuliko kundi, hivyo mbwa anapata kusimama kwa karibu. Mfuate mmoja mmoja.

Usilimalize kundi. Ukishachukua wawili au watatu, liache, na uache kabisa kusasi saa moja kabla ya giza. Kwale wanahitaji muda wa kukusanyika tena kabla ya kulala. Waliotawanywa usiku wa baridi, au wenye wanyama wala nyama, wengine hawaamki.

## Hatua ya 10: Nyama, kisha mbwa

Ndege watolewe matumbo mapema, hasa kukiwa na joto, na wabaki kwenye begi la wavu penye upepo na kivuli. Ndani ya plastiki nyama inachacha kabla ya kufika. Mifupa iliyopikwa usimpe mbwa. Inavunjika vipande vikali.

Sasa mlaze mbwa chini penye mwanga na umpapase kwa vidole, siyo kwa macho peke yake. Anza katikati ya vidole vya miguu, kisha kwapani, kinenani, ndani ya masikio, chini ya kope, kwenye fizi. Unatafuta mbegu za nyasi zenye ncha. Zimeumbwa kwenda mbele tu. Ikishapenya ngozi haitoki yenyewe, inasafiri na inaweza kufika kwenye mapafu. Ile unayoiona ishike kwa kibano karibu na ngozi uivute moja kwa moja. Iliyozama muachie daktari.

Unyayo uliochunika uoshwe kwa maji ya chumvi, ufungwe bandeji isiyokaza, na mbwa huyo apumzike hadi ngozi mpya ikaze. Kupe nao waondolewe usiku huohuo.

Chakula mpe akishaacha kuhema, kama saa moja baada ya kazi. Angalia mkojo wake kesho yake: ukiwa wa rangi ya chai, mpeleke kwa daktari bila kungoja. Akitikisa kichwa mfululizo, akipiga chafya isiyoisha au akilamba sehemu moja ya mguu bila kuacha, mbegu imebaki ndani hata kama hukuiona, na kila siku inayopita inazidi kuingia.